Undertale: nilimuua Toriel, gemu ikakumbuka

Nilimuua Toriel, yule zimwi mpole anayekupokea mwanzoni mwa gemu ya Undertale, usiku wa kwanza. Nilidhani hakuna njia nyingine, maana kila nilipomhurumia alizidi kunirushia moto. Roho iliniuma. Nikafungua tena pale nilipohifadhi, nikamsamehe zaidi ya mara 20 hadi akaacha kupigana. Kumbe Flowey, ua linaloongea ndani ya gemu, linajua nilichofanya mwanzo, na likaniambia. Nilizima kompyuta.

Gemu hii ya Toby Fox ilitoka 2015, na sijacheza nyingine inayolipa uzito kama huu suala la kutoua. Unazungumza na zimwi huku ukiukwepesha moyo mwekundu, ambao ndio wewe kwenye pambano, na risasi zake. Kuna mbwa unampapasa mpaka shingo inarefuka. Mafumbo mengine ni mepesi mno. Muziki, alioutunga Fox mwenyewe, bado nausikiliza nikipika.