Uzoefu wangu: kukodi kundi la udi, kanuni na gitaa kwa hafla hapa Tabora

Kundi ni la watu sita: udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa), fidla, gitaa la umeme, besi na dumbaki (ngoma ndogo ya mkono). Mwimbaji hawana. Kuna pia kinanda cha umeme ambacho mpiga fidla hukirukia akiombwa. Nawapa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyobaki imeondoka na kinanda.

Utamu wao uko kwenye taksim, yaani pale mpigaji anapotunga papo hapo bila mdundo. Mwambie kiongozi mapema kwamba unataka taksim ya Hijazi, moja ya makamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Udi huanzia chini kwenye re, hukaa humo kwenye sauti nne (re, mi bemoli yaani iliyoshushwa nusu toni, fa diyezi yaani iliyopandishwa nusu toni, sol), hupanda taratibu, kisha hurudi re kwa kishindo. Wakati huo besi inashikilia re peke yake, na gitaa linadondosha kodi (sauti kadhaa zikipigwa pamoja) ya re meja au ya mi bemoli meja, basi. Udi ukishafunga, dumbaki inaingia na gitaa linaanza kuzungusha nyuzi kwa mtindo wa dansi, kanuni nayo inatamba juu yake. Mji huu ulimlea mwanamuziki Salum Zahoro na bendi yake ya Kiko Kids, ukawa na bendi ya Tabora Jazz, kwa hiyo sikio la gitaa lipo. Pale ndipo wazee huinua vichwa.

Makamu za Hijazi, Nahawandi na Ajam zinakubaliana na gitaa kwa sababu sauti zake zote zinapatikana kwenye vyuma vya shingo ya gitaa. Rasti na Bayati ni habari nyingine. Rasti ya do ina sauti za mi na si zilizoshuka robo toni. Udi na fidla hazina vyuma shingoni, kidole kinaiokota sauti popote ilipo. Kanuni ina vichuma vidogo vya kuinua na kushusha. Kinanda kikipiga mi yake ya kawaida juu ya hiyo, utasikia kama mtu kakosea, na aliyekosea utadhani ni mwenye udi! Dawa ipo: kama kinanda kina sehemu ya kurekebisha skeli, sauti za mi na si zishushwe senti 50, yaani hiyo robo toni. Kama hakina, kizimwe. Gitaa lipige sauti ya kwanza na ya tano ya kodi tu, ya tatu iachwe wazi. Kundi hili wanalijua jambo hili kabisa, ila mwenye hafla akishadai "wekeni kinanda, kinajaza", wanakubali haraka mno. Usidai.

Muda wa kukaza nyuzi ndio watu wengi wanaubania. Kanuni ya kawaida ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti. Udi una 11. Wape saa nzima, na wakazie palepale watakapopigia. Daraja la kanuni limekalia vipande vya ngozi. Mchana wa kiangazi cha Tabora ngozi inakauka na kujikaza, sauti inapanda. Jua likizama na unyevu ukirudi, inalegea na kushuka. Iliyokazwa saa kumi alasiri haitafika saa mbili usiku ikiwa sawa. Mwagize mshereheshaji awaachie nafasi ya kukaza tena kabla ya kipande kikubwa, na gitaa lenye nyuzi sita ndilo liifuate kanuni, si kinyume chake.

Vyombo vya sauti kodi kwa fundi aliyewahi kupiga taarabu, hata kama bei yake iko juu. Wa dansi tupu huinua besi mpaka udi unazama. Maikrofoni ya udi ikae kama shubiri moja kutoka kwenye ala, pembeni kidogo ya tundu, maana ikilielekea tundu moja kwa moja inavuma na kupiga mluzi. Spika za mbele zikae mbele ya wapigaji, zisiwaelekee. Dumbaki iwe mbali na kanuni, la sivyo maikrofoni ya kanuni itabeba dumbaki zaidi ya kanuni yenyewe.

Halafu kuna kutunza. Wageni wakinogewa watakuja na noti, na watu wa hapa wakinogewa hawajui kukaa. Noti ikilazwa juu ya kanuni inaziba nyuzi zilizo chini yake, sauti inakufa katikati ya taksim, na mpigaji hawezi kuiondoa kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Weka kikapu miguuni pa mpiga dumbaki na mtu mmoja wa kuwaelekeza watunzaji. Kwenye malipo, kubalianeni kabla kama za kikapu ni zao juu ya ada au zinahesabiwa ndani yake. Hawa wanataka juu ya ada, na nauli kando.