Uzoefu wangu: Maonyesho ya David Nash mjini Cardiff, na ufa usiozibwa

Mjomba wangu anachonga mpingo pale Mwenge, Dar es Salaam, na utotoni kazi yangu ilikuwa kumkusanyia vumbi la msasa. Kinyago kikipasuka, vumbi lile linachanganywa na gundi, ufa unajazwa, unasuguliwa, halafu inapita rangi ya viatu mpaka mnunuzi asione kitu. Kwetu ufa ni hasara. Ndiyo maana kiangazi cha 2019, nilipoingia Makumbusho ya Taifa mjini Cardiff kuona kazi za David Nash, mchongaji wa mbao, nilikwama kwenye nguzo moja nikasahau nyingine zote.

Nguzo ile imekatwa kwa chenso, pande kwa pande, vipande vyembamba vyembamba, lakini vyote bado vimeshikana katikati kwenye moyo wa mti. Mbao ilichongwa ikiwa mbichi. Ilipokauka, kila kipande kikajikunja kivyake, kingine kimeinuka kama ukingo wa chapati motoni, kingine kimepasuka hadi ndani. Hakuna aliyeziba. Nash anakata, kisha anauacha mti umalizie.

Mzee huyu alizaliwa 1945 huko Surrey, Uingereza, lakini amejenga maisha yake yote ya kazi Wales kaskazini, Blaenau Ffestiniog, tangu 1967. Mwaka uliofuata akanunua kanisa kuukuu, Capel Rhiw, akaligeuza karakana. Anatumia miti iliyoanguka kwa dhoruba au iliyokwisha kuugua. Nyingine huichoma mpaka iwe nyeusi tii, na hizo nyeusi ndizo zilizonikumbusha nyumbani.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya gogo. Mwaka 1978 alichonga mwaloni ukawa kama jabali la mviringo, zito ajabu, akataka kijito kimsaidie kulishusha bondeni. Likakwama. Akaamua kuliacha hapo hapo, na kuanzia siku hiyo kazi yake ikawa kulifuatilia: kulipiga picha, kulichora, kungoja mafuriko yalisukume. Liliteremka kidogo kidogo kwa miaka 25, mpaka 2003 likawa linaelea na maji kujaa na kupwa kwenye mlango wa mto Dwyryd. Likapotea, likaonekana tena 2013, likapotea tena. Nimeona kazi nyingi za sanaa hapa Ulaya, lakini hakuna nyingine iliyonifanya nimpigie mjomba simu nikiwa bado uani kwa makumbusho.

“Sasa mjomba,” akaniuliza, “alilipwa na nani kwa gogo lililokwenda baharini?” Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nikamweleza na ile duara ya miti hai: 1977 Nash alipanda miche 22 ya ashi, akawa anaikata gome na kuiinamisha, jinsi wakulima wa kule wanavyolaza miti ya uzio, ili ikikua itengeneze kuba. Sasa ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya ashi Ulaya umeifikia, naye amepanda mialoni kuizunguka. Hapo mjomba alinyamaza. Mpingo nao unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa. Anajua maana ya kupanda mti uzeeni.

Michoro ya makaa na rangi sikuipenda sana. Ni mizuri, ila baada ya mbao naiona kama maelezo tu. Maonyesho yale yamekwisha, lakini ukiwa Wales nenda Blaenau penyewe. Kutoka Cardiff treni inazunguka kupitia Uingereza hadi Llandudno Junction, halafu unapanda ile ya bonde la Conwy, kama saa moja hivi. Utatokea katikati ya vilima vya vifusi vya sleti, yale mawe ya kuezekea, kijivu mtupu, mvua juu. Capel Rhiw nililitazama nikiwa barabarani tu. Ilinitosha kuelewa kwa nini mtu aishiye kwenye mawe namna ile aipende mbao.

Nilipokwenda likizo nilimwomba mjomba kinyago kilichopasuka, asikizibe. Alinipa cha mama na mtoto, ufa unapita begani. Kipo dirishani, juu ya hita. Tangu baridi ianze, ufa umeshuka mpaka kwenye kiwiko.