Tiketi ya London–Sydney: njia nne, kuanzia ya kununua hadi ya kukwepa

Heathrow hadi Sydney ni takriban kilomita 17,000 kwa njia fupi kuliko zote. Ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo hata bila kutua ni mwendo wa saa 19 na ushee. Qantas, shirika la ndege la Australia, imeagiza ndege za Airbus A350-1000 kwa kazi hiyo. Kwa sasa unachochagua hasa ni mahali pa kutua njiani.

1. Singapore. Inaongeza chini ya kilomita 200 tu. Ni saa 13 na nusu hivi, kisha karibu 8. British Airways na Qantas wana safari yenye nambari moja mwanzo hadi mwisho: unashuka kwa muda mfupi, unapanda tena, na begi unalikuta Sydney.

2. Dubai au Doha. Kama saa 7, kisha 14. Faida yake ni wingi wa ndege: ukikosa moja, huenda ukapata nyingine siku hiyo hiyo. Chagua pengo la saa 2 hadi 4. Likiwa chini ya saa moja na nusu, wewe unaweza kuwahi na begi likabaki.

3. Perth. Kilomita 14,500 kwa mruko mmoja, karibu saa 17 kitini. Kama miguu hukuvimba ndegeni, achana na njia hii. Tena Perth ndipo unapoingia Australia: uhamiaji, kuchukua mizigo, forodha, halafu ndege ya ndani ya saa 4 hivi. Acha nafasi ya saa 3.

4. Los Angeles. Karibu kilomita 21,000, saa 26 angani. Marekani haina eneo la kupitia bila kuingia nchini, hivyo utahitaji viza au ESTA (kibali cha mtandaoni kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza) hata kama hutoki uwanjani. Inafaa tu kwa anayetaka kukaa huko siku kadhaa.

Njia yoyote utakayochukua, safari yote iwe kwenye tiketi moja. Tiketi mbili za bei poa zina kasoro moja kubwa: ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukupa kiti kingine.

Ukilinganisha bei, linganisha na muda halisi. Mwezi Januari Sydney iko mbele ya London kwa saa 11. Tiketi inayoonyesha kuondoka Jumatatu 20:30 na kufika Jumatano 06:30 inaonekana ya saa 34. Toa 11, zinabaki 23. Ukirudi, unajumlisha badala ya kutoa.

Na kwa kurudi, epuka ndege inayoondoka Sydney karibu na 23:00. Uwanja hufungwa kwa safari za kawaida kuanzia saa hiyo hadi 06:00, na hitilafu ndogo ya kiufundi inaweza kukulaza huko hadi asubuhi.