Nesi aliyeuzika mkono wangu ningali hai

Niseme mapema, operesheni yenyewe sina ugomvi nayo. Au ninao kidogo, nitaufikia. Kinachonichemsha ni zile dakika nilizokaa kwenye benchi la zahanati moja ya mtaani, mkono wangu wa kushoto umeshikwa kama samaki anayekaguliwa mnadani.

Nilipasuliwa moyo mwaka juzi, kama sikosei masika yalikuwa yanakatika. Mishipa ilikuwa imeziba, wakaichepushia damu njia nyingine: mshipa mmoja wa hapohapo kifuani, mwingine wakautoa mkononi. Kovu linaanzia karibu na kiganja, linapanda hadi jirani na kiwiko.

Siku hiyo nimekwenda kupima presha tu. Nesi akaweka vidole pale chini ya dole gumba. Akabonyeza, akahama, akarudi. Hakuniuliza neno. Akageuka akaita: "Njooni muone, mzee huyu mkono hauna mapigo!" Wakaja wawili. Mama mmoja kwenye foleni akashika mdomo.

Nikamwambia, "Mwanangu, mshipa huo haupo hapo, uko kifuani."

"Mzee, nani kakudanganya? Huo utakuja kukatwa."

Kukatwa! Mimi fundi cherehani, kushoto ndiko kunakoongoza kitambaa. Mkono wenyewe wa moto, kucha nyekundu, na kile kifaa cha kubana kidole kiko mezani mbele yake. Angekibandika kidoleni angejua damu inafika au haifiki. Kovu lote lile hakuliona?

Daktari aliyenipasua alinifafanulia kabla ya operesheni, kama mtu anayeongea na mtu. Kiganja kina mishipa miwili mikubwa inayokilisha, mmoja upande wa dole gumba, mmoja upande wa kidole cha mwisho, na ndani ya kiganja imeungana. Akanifumbisha ngumi, akaibana yote miwili. Nilipofungua, kiganja kilikuwa cheupe kama sembe. Akaachia upande wa kidole cha mwisho peke yake, wekundu ukarudi kabla sijahesabu tano. "Umeona? Huu mmoja unatosha. Usingerudi upesi, nisingeugusa ule mwingine." Akaniambia pia kwamba Wafaransa waliujaribu mshipa huu miaka ya 1970 wakauacha, maana hujikunyata ukaziba, kisha miaka ya 1990 ukarudishwa. Ndiyo maana ya vile vidonge nilivyomeza miezi kadhaa, mshipa usijikunyate.

Sasa ugomvi wangu nao. Kwamba mkono ungebaki na ganzi walinitajia kwa maneno mawili, wakapita. Mgongo wa dole gumba hadi leo unanitambaa kama umevaa soksi. Mwezi wa kwanza nimerudi kibandani, pini ya pindo ilinichoma, nikaja kujua nilipoona doa kwenye kanzu nyeupe ya mteja. Kanzu ya harusi! Nililipa kitambaa kipya. Hilo wangelisema vizuri: damu ni habari moja, mishipa ya fahamu ni habari nyingine, nayo hupita hapohapo wanapochana.

Nilipokaa kuandika nilitaka kuwapa walionipasua alama mbili kati ya tano. Lakini nikikumbuka lile doa, lilikuwa jekundu hasa, na lilitoka kwenye mkono ambao yule binti ameshauzika. Na ngazi za msikitini napanda bila kusimama kupumua. Basi nne. Zahanati sifuri, na hiyo sifuri nimewahurumia.

Juzi nilirudi kupima tena, maana ndiyo iliyo karibu. Nikamkuta yuleyule. Nikanyoosha kulia. Akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Shikamoo mzee, leo nipe kushoto, kulia ndiko tunakochosha kila siku."

Nikakitoa kile kifaa mezani, nikajibana kidole mwenyewe.