Kalenda ya liturujia ya ukutani, 2026: inunueni, ila mwitundike penye mwanga

Nimeinunua Sh 4,000 kwenye duka dogo la vitabu lililo jirani na kanisa, hapa Tabora mjini. Kila mwezi una ukurasa wake, masomo ya Misa ya kila siku yameandikwa, na kila tarehe ina rangi ya mavazi ya padri ya siku hiyo.

Ninachoisifia zaidi ni alama za daraja, yaani uzito wa kila adhimisho, kuanzia la juu: sherehe, sikukuu, kumbukumbu, kumbukumbu ya hiari. Kalenda nyingi tunazouziwa baada ya Misa zina picha kubwa ya mtakatifu na majina tu chini ya tarehe, kama vile wote wanaadhimishwa sawasawa. Katika hii, 22 Julai utaona Maria Magdalena ana sikukuu, daraja alilopandishwa mwaka 2016, sawa na Mitume. Tarehe 5 Septemba Mama Teresa wa Kolkata yumo tayari, na ameingizwa kwenye kalenda ya Kanisa zima mwaka 2025 tu. Walioiandaa wamefanya kazi yao.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya waamini, na somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, ni Mtakatifu Yosefina Bakhita. Akina mama walipofungua Februari, waliniuliza: "Katibu, mbona somo wetu wamemfuta?" Hakufutwa. Mwaka huu 8 Februari imeangukia Jumapili, Jumapili ya 5 ya Mwaka A (wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu ya masomo), na kumbukumbu haipiti mbele ya Jumapili, kwa kuwa Jumapili ni siku ya Bwana mwenyewe. Geuzeni hadi Novemba: tarehe 1 nayo ni Jumapili, lakini Watakatifu Wote wamebaki pale pale, kwa kuwa ile ni sherehe. Kurasa mbili hizo zilitosha kwa kikao kizima cha Jumamosi. Bakhita tulimwomba siku hiyo hiyo ya kikao, tukasimuliana maisha yake: binti wa Darfur aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapata uhuru Italia mwaka 1889, akawa mtawa, akafariki 8 Februari 1947. Kwa watu wa Tabora, mji ambao misafara ya watumwa ilipita kwenda pwani, mtakatifu huyu ni wa nyumbani kabisa. Ningependa sana wachapaji wangeweka maandishi madogo siku kama hiyo, hata mstari mmoja wa kumtaja.

Kasoro zipo. Herufi za masomo ni ndogo mno. Wazee wetu wanasomewa na wajukuu. Nyekundu imechapwa hafifu, kiasi kwamba 3 Juni, siku ya Karoli Lwanga na wenzake, inafanana na waridi ya Jumapili ya tatu ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli. Hilo linaniuma, maana nyekundu ile ni damu ya vijana waliokufa Uganda kwa imani yao. Tena inaanza Januari, wakati mwaka wa Kanisa ulianza 30 Novemba 2025, hivyo Majilio nzima tuliikosa.

Hata hivyo, kwa katekista, kiongozi wa jumuiya au mwanakwaya anayepanga nyimbo, sijaona nyingine inayoifikia. Ya mwakani niliomba waniwekee kabla ya Majilio, na mwenye duka amekubali kupunguza bei kwa jumuiya zinazochukua kwa pamoja.