Proxmox au kujiundia seva mwenyewe: uzoefu wangu Mtwara

Ofisi yetu ndogo ya uhasibu hapa Mtwara inafanya hesabu za wanunuzi wa korosho. Msimu ukifunguliwa Oktoba, seva haipumui. Ni kompyuta moja ya mezani yenye ramu ya GB 32, na ndani yake kuna mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kiprogramu zinazojitegemea ndani ya kompyuta moja: ya hesabu, ya mafaili na ya majaribio.

Mwanzo niliijenga mwenyewe kwa Debian tupu, aina ya Linux, na juu yake KVM na libvirt, programu za kuendesha hizo mashine pepe; bakapu nikaziandikia skripti. Kazi ilikwenda vizuri tu. Shida, mwenye kuijua nilikuwa peke yangu. Siku niko Newala umeme ukakatika ofisini, mashine ya hesabu ikagoma kuwaka, ikabidi nimsomee dada wa mapokezi amri kwa simu, herufi moja moja. "Kaka, hivyo vistari ni kimoja au viwili?" Vilikuwa viwili.

Sasa tunatumia Proxmox VE, programu iliyo tayari ya kuendesha seva yenye mashine pepe. Inatengenezwa Vienna, Austria, tangu 2008, na ukiifunua chini utakuta Debian na KVM zilezile. Kwa hiyo usiifuate kwa ajili ya kasi. Mimi sikuona tofauti. Raha yake ni ule ukurasa wa kwenye kivinjari, poti 8006: mashine zote unaziona, bakapu unazipangia ratiba, na kurudisha mashine ni kubofya. Dada yuleyule ameshairudisha ya hesabu bila hata kunipigia. Nilikuja kuona kwenye orodha ya kazi zilizofanyika.

Ni ya bure. Kinacholipiwa ni usajili wa msaada, kwa mwaka, kwa kila soketi ya prosesa. Usipojisajili, kila ukiingia kinatokea kidirisha cha kukukumbusha, na inabidi ubadilishe hazina ya masasisho, yaani mahali seva inapochukulia matoleo mapya, uweke ile ya wasiolipia. Mimi kidirisha hakinikeri. Kwa kupanga mafaili kwenye diski, mfumo wa ZFS upo ukiutaka, lakini unapenda ramu, kwa hiyo nilibaki na ule wa kawaida, ext4.

Nyumbani Shangani bado nina Debian tupu, maana pale najifunza na sina wa kumwachia. Ila kwa ofisi, chukua iliyo tayari.

Na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, nunua kwanza, kabla ya yote. Ukitaka seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha, ule ukurasa hauna kitufe cha hilo. Utasakinisha NUT, programu ya kuwasiliana na UPS, kwa amri kwenye skrini nyeusi, vistari na kila kitu.