Jezi ya Liverpool 2020/21, VAN DIJK 4

Nimeipata Kariakoo, mtumba wa daraja la kwanza. Kitambaa ni chepesi, jasho linakauka haraka, na utepe wa kijani-bluu shingoni bado haujapauka. Namba 4 haijabanduka hata kidogo. Mimi huifua kwa mkono nikiwa nimeigeuza ndani nje, na pasi haigusi maandishi.

Lakini niliitaka jezi ya msimu huo hasa kwa yaliyotukuta. Tarehe 17 Oktoba 2020, Goodison Park, uwanja wa Everton wakati huo, kipa wao Pickford alimvamia Van Dijk na goti likaenda. Msimu wake ukaishia hapo. Novemba Gomez akaumia mazoezini na timu ya taifa, mwishoni mwa Januari Matip naye akatoka. Mabeki wa kati watatu, wote nje! Viungo Fabinho na Henderson wakarudishwa nyuma kucheza beki, na hapo ndipo palipouma zaidi, maana pengo la beki lilihamia kiungo. Nani sasa wa kukaba pale katikati? Nyumbani kwetu Anfield tukapoteza mechi 6 za ligi mfululizo. Mabeki Kabak na Davies waliletwa Februari, lakini waliotuvusha hadi nafasi ya 3 ni Nat Phillips na Rhys Williams, vijana ambao mwanzo wa msimu hakuna aliyewahesabu. Nawaheshimu mno.

Kwa anayeitafuta: inabana kifuani, chukua saizi moja juu. Kagua pia mshono wa kwapani kabla hujalipa, na bei usikubali ya kwanza.